Wimbo wa Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi kabla sijafika kazini. Naanza kuandika kwa sababu ya mgonjwa mmoja, na kwa sababu sina wa kumsimulia bila kuonekana nimechanganyikiwa.

Kazi yangu ni kupima masikio. Mimi nakaa upande huu wa kioo na mashine, mgonjwa anakaa upande wa pili, ndani ya chumba cha kimya chenye sponji ukuta mzima, hedifoni kichwani. Nampelekea mlio, akiusikia anabonyeza kitufe. Kisha namsomea maneno, naye anayarudia. Kiti. Kiti. Ndoo. Ndoo. Siku nzima ndiyo hivyo.

Leo alikuja mpiga chapa mstaafu, mzee mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Sikio lake la kulia limechoshwa na mashine za kiwandani, ila bado linajikongoja. La kushoto limekufa kabisa. Nilipandisha mlio mpaka mwisho upande huo, na kitufe hakikubonyezwa. Nikanyamaza, nikaanza kujaza fomu. Ndipo nikamsikia kwenye spika yangu, anarudia maneno kwa utulivu kama wanavyorudia wagonjwa wote.

"Taa," akasema. Akangoja kidogo. "Ngazi." Akangoja tena. "Ukuta."

Sikuwa nimesema kitu. Hayo maneno hayamo hata kwenye orodha yangu.

"Mzee, upande huo tumemaliza," nikamwambia.

Akavua hedifoni, akanitazama kupitia kioo mpaka nikaona haya. "Sauti hiyo umeitoa wapi, binti?"

"Sauti gani?"

"Hiyo unayosemea."

Nikacheka, nikamwambia nimezaliwa nayo. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mama amechomoa kila kitu ukutani kama kawaida yake: friji, redio, pasi, hata chaja yangu. Nimekuta simu imezima. Ukimuuliza anasema radi. Leo hakukuwa na radi hata moja.

Ijumaa, 7 Machi

"Mchumba wako amerudi," dada wa mapokezi akaniambia, meno yote nje.

Mpiga Chapa alikaa kwenye benchi mpaka nikatoka kwenda kula. Akaniomba dakika kumi, nikampa. Akasema sikio lake la kushoto, lile lililokufa, linaimba. Miaka mingi sasa. Wimbo ni mmoja tu: gitaa la besi, ngoma, na sauti ya mwanamke. Unaanza, unakwenda, ukifika mahali fulani unakatika kama uzi. Halafu unaanza upya.

Nilimweleza kwamba jambo hilo linatokea. Sikio likikosa kazi, ubongo unajitafutia ya kufanya. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

"Mimi sitaki dawa," akasema. "Nataka kujua ni wimbo wa nani."

Ujanani alikuwa shabiki wa muziki ambao sikuwahi kuusikia. Wanauita wimbi jipya. "Na ana ndugu yake aliyenuna, aliyekuja baada ya panki, ule muziki wa kelele na hasira," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Bendi za vijana wasiojua kupiga vizuri, waliokuwa na haraka ya kusema kitu. Yumo kwenye kikundi cha mashabiki mtandaoni, watu mia tatu na kitu, na amekuwa akiwaelezea wimbo wake kwa miaka. Kila mmoja ana jibu lake: sikiliza hawa, sikiliza wale. Sasa sikio la kulia limechoka, hawezi tena kutofautisha wimbo na wimbo.

"Nahitaji masikio," akasema. "Wewe unayo."

Akaniimbia kwa mdomo uliofumbwa, pale kwenye benchi, chini ya bango la kunawa mikono. Noti nne za wimbo zinazunguka, kisha ya tano inayokaa mahali usipoitegemea. Nikairekodi kwenye simu. Sijui kwa nini nilikubali.

Jumatatu, 10 Machi

Ameniingiza kwenye kikundi. Watu hawa hawatumii majina. Kuna Koti Refu, kuna Mama Besi, kuna Upande wa Pili. Nimekaribishwa kwa mapendekezo arobaini kabla ya saa nne asubuhi.

Jumatano, 12 Machi

Nimesikiliza bendi inayoitwa Lifti Imekwama. Kelele. Mwanamume analalamika kama mtu anayesoma ratiba ya mazishi. Nimemwandikia Mpiga Chapa: siyo.

Alhamisi, 13 Machi

Wauguzi wa Zege. Siyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mashati Meupe. Vinanda vya umeme vinavyometameta, mtu anaweza hata kucheza. Dada wa mapokezi amecheza, faili mkononi. Siyo.

Alhamisi, 20 Machi

Leo kimenitokea kitu. Nililalamika kikundini kwamba nasikia magitaa yanakwaruza tu, sipati wimbo. Mama Besi akanijibu: "Gitaa lisikusumbue. Lifuate besi. Kwenye muziki huu besi ndiyo inayoimba, gitaa linafanya kazi ya mvua." Koti Refu naye akaongeza: "Rudi kwa Lifti Imekwama, ila usianze na albamu ya kwanza, walikuwa bado na hasira. Chukua ya pili, wimbo wa mwisho. Simama dirishani."

Mgonjwa wa saa sita hakuja kwa sababu ya mvua. Nikasimama dirishani na hedifoni. Chini, watu walikuwa wanakimbia na mifuko kichwani, na besi ikaanza kutembea chini yao, bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Yule mwanamume niliyedhani analalamika, kumbe alikuwa anajizuia asilie. Nywele zilinisimama. Niliurudia mara tatu, na mgonjwa wa saa saba akanikuta nimesahau kuwasha mashine.

Siyo. Lakini sasa naelewa kwa nini mtu anaweza kuutafuta wimbo miaka yote hiyo.

Jumanne, 25 Machi

Ofisi ya Barafu. Siyo. Mabinti wa Lami. Siyo. Mvua siku ya tisa mfululizo. Mama amechomoa hata saa ya ukutani, ambayo inatumia betri. Ameitoa betri, ameiweka juu ya meza.

Jumatano, 2 Aprili

Nimejaribu kusikiliza ile rekodi ya Mpiga Chapa ndani ya chumba cha kimya, mlango ukiwa umefungwa, nizipate noti zote tano. Nilipomaliza nikavua hedifoni, nikakaa. Chumba kile hakina mwangwi. Ukikaa humo unasikia damu yako. Nikasikia mdundo, nikajiambia ndiyo damu. Nikaweka kidole shingoni kuhesabu.

Havikwenda pamoja. Damu ilikuwa na mwendo wake, mdundo ulikuwa na wake.

Nilitoka nikaacha mlango wazi. Fundi wa jengo anasema ni bomba la maji ya mvua linalopita nyuma ya ukuta. Nimeamua kumwamini.

Jumatano, 9 Aprili

Bendi ya sitini na moja. Siyo.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika taratibu, nisikosee.

Mchana huu nilikuwa napiga pasi sare za kazi. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na mama alikuwa ameniruhusu kuchomeka. Yeye alikuwa upande wa pili wa meza hiyohiyo, anakunja nguo. Mama hasikii tena kengele ya mlango, hasikii ndege, hasikii nikimwita nikiwa nyuma yake. Zilizobaki ni sauti nzito tu, na zile anazozishika kwa mikono. Bila kufikiri nikaanza kuimba kwa mdomo uliofumbwa ule wimbo wa Mpiga Chapa, kiuno changu kikiwa kimeegemea meza. Noti nne, kisha ya tano.

"Unakosea hapo," mama akasema. "Haipandi. Inashuka."

Viganja vyake vilikuwa vimelala juu ya meza. Hakuwa ananitazama.

"Nini inashuka, mama?"

Ndipo akagundua alichosema. Niliona uso wake ukifunga, kama duka linavyofunga. Akachukua kitambaa kikavu, akachomoa waya wa pasi, akaenda chumbani kwake. Mlango aliurudisha polepole, kama vile humo ndani kuna mtu amelala.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemuuliza. "Sijawahi kuimba maishani mwangu," akasema. Sikuwa nimemuuliza kuhusu kuimba.

Jumanne, 15 Aprili

Mama hajaniongelesha. Mvua imerudi.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimpigia simu Mpiga Chapa, akaja akiwa ameloa. Nikamketisha kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mama yangu anaujua wimbo wako."

Akafumba macho. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilihisi. Uliposema 'ndoo' nikajua. Yeye hutamka hivyohivyo, kama mtu anayeiweka chini." Akajipangusa uso. "Sikuja kwa ajili yako, binti. Nililetwa na sikio. Lakini baada ya kukusikia sikuweza kuacha kurudi, na sikuweza kuuliza."

"Na bendi sitini na moja nilizosikiliza?"

"Nilikuwa naomba moja iwe na wimbo huo. Kama ungekuwa wa bendi nyingine, ingemaanisha mimi nimekosea kukumbuka. Ningeshukuru sana."

Akanisimulia. Walikuwa watatu. Yeye alipiga besi, mama aliimba, na mdogo wake mama alipiga ngoma.

"Mama hana mdogo," nikasema. "Amezaliwa peke yake."

"Alikuwa naye," akasema. "Miaka kumi na tisa. Alipiga ngoma pekupeku, akisema viatu vinamziba masikio."

Walifanyia mazoezi kwenye stoo ya karatasi, chini ya kiwanda cha uchapaji, siku za Jumapili mashine zikiwa zimelala. Nyimbo walijifunza kutoka kwenye kanda zilizonakiliwa juu ya kanda, walizopewa na mashabiki wenzao, kila mmoja akisema sikiliza hawa, sikiliza wale. Kisha wakaanza kutunga wao wenyewe. Jumapili moja ya mvua maji yaliingia stoo, yakafika kwenye vidole. Mpiga Chapa alichomeka amplifaya hivyohivyo, wakaanza wimbo mpya. Katikati, kijana yule aliinuka kwenye ngoma zake, akashika chuma cha maikrofoni.

"Wimbo unakatika hapo," akasema. "Kila mara unakatika hapohapo. Nilichomeka mimi."

Nje, maji yalikuwa yanashuka kwenye bomba lile la nyuma ya ukuta. Sote wawili tuliutazama ukuta.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimwandikia mama kwenye karatasi, nisilazimike kupiga kelele jambo kama hili. Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.

"Kila nilipotamka jina lake, mama yangu alikuwa anaanguka chini," akasema. "Nikaacha kulitamka. Baadaye watu wapya hawakumjua, wakaniuliza mko wangapi, nikasema peke yangu. Ukisema uongo mara moja hivi, mwanangu, wa pili unakuwa rahisi."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeandaa na maneno kabisa, njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini nilimwona ameshikilia ukingo wa meza kama mtu aliye ndani ya gari linalokata kona, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Huyo mzee bado anapiga?"

"Anasema vidole vinamuuma."

"Vizuri," akasema. Sikujua alimaanisha nini. Kisha akasema, "Mlete. Ila nimsikie. Sitaki kumsoma mdomo."

Jumamosi, 26 Aprili

Daktari wetu wa masikio ameniachia funguo. Jumamosi hakuna wagonjwa. Nimemketisha mama ndani ya chumba cha kimya na hedifoni. Mpiga Chapa nimemweka upande wangu, mbele ya maikrofoni ya mashine. Nikapandisha sauti nzito, nikashusha nyembamba, mpaka mama akaniinulia kidole kwamba inatosha. Walitazamana kupitia kioo. Mzee akaisogelea maikrofoni.

"Ni mimi," akasema.

"Nakusikia," mama akajibu. "Umezeeka sauti."

"Nilichomeka mimi. Nimetaka kukuambia miaka yote hii. Maji niliyaona."

"Najua ulichomeka wewe. Nilikuwa nakutazama." Vidole vyake vilikuwa vinatafuta kitu kwenye paja. "Na mimi ndiye niliyekuambia chomeka, tutachelewa. Na mimi ndiye niliyemwambia aniinulie maikrofoni, iko chini mno. Akaja pekupeku. Hilo hukulisikia, ulikuwa umeinamia besi yako."

Mama hakusema amemsamehe. Wala mzee hakuomba. Mzee akauliza wimbo unaishaje, kwa sababu yeye hakumbuki mwisho wake.

"Hauna mwisho," mama akasema. "Tulikuwa bado hatujautunga." Kisha, kwa sauti ileile ya kawaida: "Wewe unausikia sikio gani?"

Mzee akapigwa na butwaa. "La kushoto."

"Mimi la kulia," mama akasema. "Ndivyo tulivyokuwa tunasimama. Yeye alikuwa katikati."

Nilisahau nilikuwa nimeshika kitufe cha sauti. Nilikiachia. Kwenye mashine, sindano inayoonyesha sauti ya ndani ya chumba ilikuwa inapanda na kushuka, kidogokidogo, na mle ndani hakuna aliyekuwa anasema kitu. Mvua ilikuwa kubwa. Bomba, nikajiambia. Bomba.

Nikiwa narudi na mama nilimwomba aniandikie maneno ya wimbo. Aliyaandika nyuma ya risiti:

Taa ya ngazi imezimwa,
nani anashuka?
Ukuta unajua jina,
mimi sijalishika.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 10 Mei

Wanautunga mwisho wake. Kila Jumamosi wanakuja, mama kwenye chumba cha kimya, mzee nje ya kioo na besi aliyoiazima. Wanagombana kama ndugu. "Unakimbia!" mama anafoka. "Wewe ndiye unayekokota!" Mzee anachovya vidole kwenye maji ya moto wakati wa mapumziko. Leo mama aliniomba nimsikilizishe zile bendi zote. Nilimwekea Lifti Imekwama, albamu ya pili, wimbo wa mwisho. Alisikiliza viganja vikiwa juu ya spika, akasema yule kijana anaimba vizuri ila anajihurumia mno.

Sikujua mama yangu ni mtu mwenye maoni. Miaka thelathini na sita nimeishi na mwanamke anayekunja nguo.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Mama ameacha friji ikiwaka.

Jumamosi, 24 Mei

Jua kali tangu asubuhi, barabara zimekauka, hakuna tone lolote kwenye bomba. Nililigusa mwenyewe kabla hatujaanza. Lilikuwa la moto.

Nimeurekodi wimbo. Besi na sauti, hakuna kingine, mara moja tu bila kurudia, kwa sababu vidole vya mzee visingehimili mara ya pili. Mama aliimba akiwa amefumba macho. Sauti yake si nzuri. Ni yangu, ikiwa imekaa kwenye baridi muda mrefu. Walipofika pale wimbo unapokatika, mzee alinitazama kama mtu anayevuka barabara, akaendelea, naye mama akaendelea, wakaingia kwenye ubeti mpya, wakaumaliza. Kimya. Nikahesabu mpaka kumi, nikasimamisha.

Kisha nikawarudishia wasikilize kwenye spika kubwa.

Besi ikaingia. Mama akaingia. Kwenye mstari wa pili zikaingia ngoma.

Hazikuwa kubwa. Zilikuwa za mtu mwepesi wa mkono, anayepiga nyuma kidogo ya besi. Nilitazama mashine, nyaya, kitufe kimoja baada ya kingine, kama nilivyofundishwa, na kila kitu kilikuwa sawa. Mzee aliinuka kitini, akakaa tena. Wimbo ukapita pale unapokatika, ngoma zikapita nao. Sauti ikaisha. Besi ikaisha. Ngoma zikaenda peke yake, mapigo manne, matano, kisha zikasikika fimbo mbili za ngoma zikiwekwa sakafuni, taratibu, moja baada ya nyingine.

Mama alikuwa ameweka viganja kwenye spika. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini alikuwa ameuma mdomo kama anayezuia kicheko.

"Amechelewa kuingia," akasema. "Kama kawaida yake."

Jumatatu, 26 Mei

Mpiga Chapa amepiga simu. Sikio la kushoto limenyamaza tangu juzi. Anasema sasa analala raha, lakini hakutaka kukata simu, nikajua pia ameachwa mpweke. Mama hasemi kuhusu la kwake. Asubuhi amenitajia jina la mdogo wake mara mbili, mara ya kwanza akinieleza alivyokuwa, mara ya pili bila sababu yoyote.

Kwa ruhusa yao nimeuweka wimbo kikundini, bila maelezo. Mama Besi ameandika kwamba besi imeshikwa na mtu mwenye majonzi. Upande wa Pili anauliza ni albamu gani. Koti Refu ameuliza, "Huyu mpiga ngoma ni nani? Sijawahi kumsikia popote."

Nimemjibu: ni mjomba wangu.